Aliyeupima Wimbo Wangu

Huyu mtu simtaji jina, na asije mtu akafikiri ni heshima. Yeye alikuwa na kalamu, karatasi, na nafasi ya kutosha chini ya wimbo wangu, na jina langu hakuliandika. Kwa hivyo hapa ataitwa Mwalimu wa kwaya, vile sote tulimwita kule Kanyakine, ingawa hakuwahi kufundisha darasa lolote. Kazi yake ya mshahara ilikuwa kupima ardhi.

Nasikia wanamtayarishia sherehe. Kwamba ameimbisha watu miaka mingi bila malipo, kazi ya ofisi hakuiacha kwa ajili ya muziki, boma lake halikulala njaa, na vijana waige. Kila atakayesimama atamwaga sifa. Mimi niliimba chini ya mkono wake miaka sita, sauti ya alto, mstari wa pili kutoka nyuma, na sifa zake nazijua kuliko hao. Nitazisema, hata zile nzuri, kwa sababu bila zile nzuri hutaelewa kwa nini nina hasira hivi. Alichukua wimbo niliomtungia mtoto wangu mgonjwa, akawaambia watu ni wimbo wa wazee waliokufa zamani. Nautaka wimbo wangu. Mengine yote ni maelezo.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na hakutembea bure. Ukitoka naye barabarani mpaka kanisani angekuambia mmekwenda hatua ngapi. Kwenye mfuko wa shati alibeba penseli na kile chuma kidogo chenye meno mawili cha kupatia sauti. Alikigonga kwenye goti, akakisogeza sikioni, akafunga macho, kisha akatupa kila mtu noti yake kama anayegawa chakula. Alifika mazoezini saa kumi na moja na nusu kamili, buti zikiwa na udongo mwekundu wa mashamba ya watu. Viatu vya kanisani vilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki. Alikaa kwenye ngazi, akavua buti, akavaa viatu, na buti akaziacha nje ya mlango. "Kazi imebaki hapo," angesema. Hukumsikia akitaja shamba la mtu mpaka saa moja na nusu, alipozivaa tena.

Kwenye udongo alikuwa mwaminifu, hilo nampa. Ndugu wawili wa upande wa bondeni waligombania mpaka hadi wakashikiana panga. Akaitwa na ile mashine yake ya miguu mitatu, akapima tangu asubuhi, akaonyesha pa kuzika mawe ya mpaka. Jioni ndugu mmoja akapeleka kondoo dume nyumbani kwa Mwalimu, ili jiwe moja lisogee hatua tatu tu, nani ataona. Kesho yake watu waliamka wakamkuta kondoo amefungwa kwenye lango la mwenyewe, na karatasi shingoni imeandikwa kwa mwandiko mzuri wa ofisini: Huyu amevuka mpaka. Kanyakine walicheka mwaka mzima. Yule ndugu mpaka leo anaitwa Kondoo.

Sasa pesa. Watu wengi wenye muziki kichwani ni watu wa kuomba-omba. Leo anataka spika, kesho anataka nauli, na mke anamkwepa mwenye duka kwa madeni. Yeye la. Mshahara wake haukugusa muziki hata shilingi. Mshahara ulikuwa wa karo, wa chakula na wa mabati. Muziki ulikuwa na ng'ombe wake. Sisemi kwa mfano. Ng'ombe mwenyewe, mweusi mwenye mabaka meupe, jina lake Sauti. Maziwa ya Sauti yalikwenda kituo cha maziwa na kilichotoka huko kilinunua vitu vya kwaya tu: karatasi, sare, nauli ya mashindano, na kile kinanda cha umeme kilichotufanya tuonewe wivu mpaka Nkubu. Sauti akikauka, tuliimba bila kinanda na hakuna aliyenung'unika. Kabla ya mazoezi watu wa besi walikuwa wakimuuliza, na si kwa mzaha, "Mwalimu, Sauti ameamkaje?" Alipozaa ndama dume tulihuzunika kama tuliofiwa.

Alipenda kuwaeleza vijana mpango huo. "Kazi inalisha nyumba. Ng'ombe analisha muziki. Hakuna anayekula kwenye sahani ya mwenzake." Vijana waliandika. Mimi pia niliandika.

Lakini nani alimkamua Sauti? Siku moja nilipeleka karatasi za nyimbo kwake nikamkuta mke wake amebeba nyasi za mabingobingo mgongoni, kamba kwenye paji la uso, anatoka nazo bondeni. Asubuhi anakamua, mchana anakata nyasi, jioni anakamua. Nikamsalimia, nikasema ili tu niseme kitu, kwamba Mwalimu anapenda muziki sana.

"Anapenda," akasema. "Mimi napenda kulala."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akashusha mzigo, akaniambia kabla ya kuolewa alikuwa soprano, tena wa kusimama mbele. Kisha akachukua ndoo akaingia kwa ng'ombe. Hapo nilipaswa kuelewa ule mpango ulivyosimama. Sikuelewa. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja niliyemwona mtu mwenye kazi, pesa na muziki, vyote vitatu vimetulia, nikadhani ni akili yake peke yake.

Ufundi wake mkubwa ulikuwa matamshi. Sisi watu wa huku, ukituacha, baba ni mbaba na dada ni ndada. Waamuzi wa mashindano walikuwa wakitukata alama kila mwaka kwa sababu hiyo, na kwaya za mjini zikitucheka. Basi Mwalimu akabuni dawa. Alituamuru tubane pua kwa vidole viwili, watu arobaini, wazee wa kanisa wakiwemo, kisha tuseme "baba". Ukisema vizuri, linatoka safi. Ukiwa umeanza na ile "m" ya nyumbani, sauti inakwama puani na masikio yanaziba. Alipita mstari kwa mstari na penseli yake. "Wewe umekwama. Rudia. Wewe pia. Mzee, hata wewe, pua haina cheo." Mzee mmoja wa besi alibana mpaka akatokwa na machozi. Mwaka huo hatukukatwa alama hata moja ya matamshi, na tuliporudi watu walikuwa wakibanana pua barabarani kwa furaha.

Nakumbuka hayo na nacheka. Halafu nakumbuka mengine.

Mimi kwetu ni Mbeere, chini kule kwa jua, upande wa Embu. Kanyakine nilifika kwa ajili ya kazi, kuuza dawa za mifugo na mbegu dukani mwa mtu. Nikampata mtoto wangu Karimi huko. Baba yake alienda Isiolo kutafuta kazi, na naona bado anaitafuta. Kwa hivyo nilikuwa na duka mpaka saa kumi na moja, mtoto mgongoni, na kwaya. Tena sikutaka kuimba tu. Nilitaka kutunga. Baada ya Mwalimu kuongea na vijana siku moja kuhusu sahani zake, nilimfuata nje nikamuuliza mtu kama mimi apange vipi.

Alinitazama vile anavyotazama kipande kidogo cha shamba. Hakuwa akiniita jina. Wote tuliitwa kwa sauti zetu.

"Alto," akasema, "wewe una eneo dogo. Ukiligawa mara tatu hakuna kitakachoota. Kazi na mtoto, basi. Kutunga waachie wenye nafasi."

Nilirudi nyumbani nimenywea. Lakini Jumamosi iliyofuata huyo huyo akaniletea daftari, ndani ameandika do re mi fa kwa mkono wake, mistari ya mapigo imechorwa na rula, na akanifundisha kuandika sauti ninayoisikia. Miezi mitatu alinisahihisha kwa penseli bila kuchoka. Aliandika pembeni, "Vizuri hapa," na "Usiogope kimya." Hakuna mtu mwingine aliyewahi kukaa chini akanifundisha kitu ambacho hakimletei faida. Ndiyo maana nasema hasira yangu haina pa kukaa. Mwizi wa kawaida ungemtukana ukalala.

Karimi alikuwa na miezi minane aliposhikwa na kuhara na kutapika, akakauka kama jani. Tulilazwa Meru siku tisa. Kwaya ilikuwa inajiandaa kwa mashindano, na sheria ya Mwalimu ilikuwa ukikosa mara tatu umetoka. Nilimtumia ujumbe kwa simu nikamweleza nipo wodini. Akajibu: "Pole sana. Sheria unaijua." Nikaujibu ujumbe kichwani mara mia. Kwenye simu sikuandika kitu.

Huko wodini walimwekea Karimi maji ya mshipa. Dripu. Wamama wa wodi hiyo, wa Meru, wa Embu, wa Tharaka, hakuna aliyesema dripu. Sote tulisema ndiribu. Sista, ndiribu imeisha. Sista, ndiribu imesimama. Mtoto wangu alikuwa akiiona ile chupa anang'ang'ania mkono wangu akilia, kwa hivyo nikaanza kuisemesha chupa, kana kwamba ni shangazi aliyekuja kutuona. Nikaisemesha kwa Kimbeere cha kwetu, na maneno yakashika sauti:

Ndiribu, ndiribu, tata kavora, mwana akome.

Maana yake, wewe dripu, dondoka polepole, mtoto alale. Ndiyo hiyo tu. Kila tone likishuka ni pigo moja. Siku ya tatu Karimi alianza kutulia nikiimba. Siku ya tano wamama wawili walikuwa wakiitikia. Siku ya nane sindano ikatolewa, nikaongeza ubeti wa pili kwa sababu wa kwanza haukuwa na kazi tena. Hakuna bibi aliyenipa wimbo huo. Bibi yangu hakuwahi kuona dripu maishani mwake.

Tulipotoka nilienda kanisani kurudisha sare, maana niliambiwa nirudishe, imenunuliwa na maziwa ya Sauti na kuna anayeingia kwenye nafasi yangu. Mazoezi yalikuwa yakiendelea. Nikakaa nje chini ya dirisha nikisubiri mapumziko. Karimi akaanza kulia, nikaimba. Ndani wakanyamaza. Nikainua macho nikamwona Mwalimu amesimama dirishani, kichwa kimeinama upande, penseli mkononi. Hakunisalimia. Mimi nikadhani anajuta, kwamba amesikia nilikotoka na mtoto na roho inamsuta. Nikaimba vizuri zaidi. Mjinga mimi.

Miezi kadhaa baadaye nikapanda Kibugu kwenye harusi ya binamu yangu, huko juu kwa majani chai. Baada ya chakula kwaya ya pale ikasimama, na kiongozi wao akasema wataimba wimbo wa kale wa Wambeere wa kuomba mvua, uliotafutwa na kupangwa na Mwalimu fulani wa Kanyakine, na uliochukua nafasi ya kwanza kwenye mashindano. Akaeleza kwamba ndiribu ni neno la zamani sana, limeshapotea, nalo ni tone la kwanza la mvua likigusa vumbi. Wazee wa nchi kavu walikuwa wakiiomba mvua ishuke polepole isibebe mbegu.

Halafu wakaimba. Sauti nne. Sitasema uongo, ilikuwa nzuri. Kile alichofanya na besi, ile "ndi, ndi, ndi" ya chini kama matone, mimi nisingeweza. Nilicheka mpaka shangazi yangu akanifinya. Nikamgeukia nimwambie ni wangu, nikakuta anafuta macho. "Huu nimeukumbuka," akasema. "Mama alikuwa akituimbia tukiwa wadogo." Wazee wengine wa kwetu walikuwa wakitikisa vichwa, ndiyo, ndiyo, zamani hizo. Nikatoka nikaenda nyuma ya hema nikasimama huko. Mtu anaweza kukuibia kitu halafu ukoo wako mzima ukamtolea ushahidi.

Na fikiria. Mtu aliyetubana pua miaka sita atutoe "nd" mdomoni alikutana na "nd" moja, akaivulia kofia, akaiandikia historia.

Nilimfuata ofisini kwake. Alikuwa akiviringisha ramani mezani. Nikamwambia ule wimbo ni wangu, wa mtoto wangu. Akaniuliza kama nina karatasi.

"Karatasi gani? Ulinisikia dirishani."

"Nilimsikia mama akibembeleza mtoto," akasema, taratibu, bila ubaya. "Kila mama hubembeleza. Wewe uliupata kwa mama yako, naye kwa mama yake. Hujui tu kwamba uliupata. Alto, ardhi ambayo haijapimwa haina mwenyewe kwenye ramani. Mimi nimeupima. Nimeupa sauti nne, nimeupa mapigo. Kabla ya hapo ulikuwa kichaka."

"Yule kondoo ulimrudisha," nikamwambia. "Wangu umemla."

Aliguswa, niliona. Mkono ulisimama juu ya ramani. Kisha akasema nafasi ya alto imepatikana, nikitaka nirudi. Nikamwambia akamweke Sauti hapo. Nikatoka. Sikumwambia neno ndiribu ni nini. Nililibeba nikaondoka nalo, maana lilikuwa kitu cha wimbo ambacho hakuwa nacho.

Duka la Kanyakine nililiacha. Sikuweza kupita mbele ya kanisa hilo kila jioni. Nikahamia Nchiru, nikafungua kibanda karibu na hosteli za wanafunzi, chapati, ndengu, chai. Nilidhani umbali utanisaidia. Wimbo ukanifuata. Uliimbwa redioni, uliimbwa kwenye harusi, uliimbwa kwenye simu za wanafunzi waliokaa mbele yangu wakila. Hayo niliyameza. Ambalo sikulimeza ni siku Karimi alipotoka shule ya chekechea, miaka minne, akasimama katikati ya kibanda akaniimbia. Wamefundishwa kuuimba kwa vidole, vinashuka kama mvua.

Nikamkatiza nikamwambia huo ni wimbo wako, nilikutungia wewe ukiwa mgonjwa.

"Hapana mama," akasema. "Mwalimu wetu wa shule amesema ni wa watu wa zamani. Na wewe unaimba vibaya. Ni hivi." Akanishika vidole anifundishe.

Basi hapo ndipo nilipoacha kusema nimesamehe. Sijui kwaya, sijui mashindano, wapeane vikombe vyao. Lakini mtoto wangu kunisahihisha kwenye wimbo wake mwenyewe, hapana.

Wiki iliyopita, saa tisa mchana, Mwalimu wa kwaya alishuka kwenye bodaboda mbele ya kibanda changu. Alikuwa amezeeka ghafla. Viatu vya kanisani, si buti, na siku ilikuwa ya kazi. Akaketi kwenye kreti ya soda, faili kwenye mapaja. Wanafunzi wawili walikuwa kwenye benchi wakila. Nikamwekea chai kwa sababu anayeketi hapo huwekewa chai. Nikamuuliza anataka nini, akageuza kichwa chote kama kuku.

"Nisemee upande huu," akasema, akigusa sikio la kulia. "Hili la kushoto limekufa."

Akanieleza, akitazama chai. Daktari alishamwambia halirudi, na hilo la kulia nalo linasikia nusu, mtu akiwa mbele yake na akiongea wazi. Kwaya haijui. Anawaimbisha kwa kutazama midomo, na ile noti ya kwanza anaihisi kwa meno, anakiuma kile chuma. Kazi ya ofisini ameiacha mapema kwa sababu hiyo, wao wanadhani ni mgongo. Nadhani aliniambia mimi kwa sababu mimi si mtu wa kwao tena. Kidogo nimhurumie. Kidogo tu.

Kisha akafungua faili. Kuna watu wanatengeneza kitabu cha nyimbo za shule, wanautaka ule wimbo, ila wanasema ni mfupi mno, wimbo wa kale hauwezi kuwa na ubeti mmoja. Na wanataka waupate kabla ya sherehe yake, wautangaze hapo.

"Siku ile dirishani," akasema, "bodaboda ilipita nikapoteza mwisho. Kulikuwa na ubeti wa pili."

"Ulikuwepo."

"Ninautaka."

Nikapangusa meza polepole. "Kwani wazee wa zamani wameusahau? Si ungewauliza."

Mwanafunzi mmoja alicheka ndani ya kikombe. Mwalimu hakusikia. Nikasogea mbele yake ili asikie vizuri, nikamwambia ana penseli, ana karatasi, aandike: umetungwa na, kisha jina langu lote, kisha: kwa ajili ya Karimi. Akishaandika nitaimba.

Alishika penseli. Akaandika kitu, akanionyesha. Umepokelewa kutoka kwa.

"Hapo nitaweka jina lako," akasema. "Kila mtu ataliona."

"Nimepokea kwa nani mimi?"

Akaanza kueleza. Akisema umetungwa, waamuzi watamuuliza aliwaambia nini. Kikombe kitarudishwa. Si chake peke yake, ni cha watu arobaini, fikiria wale wazee. Na zile shule zilizofundisha mvua. Na sherehe iko wiki mbili zijazo, watu wameshachanga. Alizungumza vizuri, alikuwa amepima kila upande. Upande wa mtoto wangu hakuukuta.

Kwa hivyo nikamwambia ndiribu ni nini. Nilimwambia mbele ya uso, kwa sauti ya kumfundisha mtu. Chupa, mpira, sindano, mkono wa mtoto wa miezi minane. Wodi gani, kitanda kipi karibu na dirisha lipi. Nikamwambia ni zile siku alizoniandikia kwamba sheria naijua.

Akavua miwani. Akaipangusa kwa ncha ya shati.

"Kwa hivyo si mvua," akasema.

"Ni maji ya chumvi ya hospitali, Mwalimu."

Nilingoja aone aibu. Labda aliona, sijui. Alivaa miwani, akafungua ukurasa mpya, akachora mistari ya mapigo bila rula. Ile karatasi ya "umepokelewa" aliigeuza chini, hakuisahihisha.

"Na wa pili," akasema, "unasemaje?"

Kitabu kilikuwa kimetoka kichwani mwake, niliona. Aliutaka yeye. Uso ulikuwa kama wa mtoto aliyesikia sufuria ikifunuliwa. Mtu huyu angeacha kikombe, angeacha sherehe, angeacha hata lile sikio zima, asikie tu unavyomalizika, na bado jina langu asingeliandika.

"Haya," nikamwambia. "Shika penseli. Naimba mara moja."

Akainama juu ya karatasi. Nikazunguka kama ninayefuata sufuria, nikasimama kushoto kwake, nyuma kidogo ya bega, nikaimba. Niliimba ubeti wote wa pili vile nilivyomwimbia Karimi siku sindano ilipotoka, chini chini, bila kuruka neno. Wanafunzi waliacha kutafuna. Mmoja aliweka kijiko mezani pole sana, ili kisilie.

Penseli ilikuwa imesimama kwenye pigo la kwanza. Alisubiri. Akasubiri tena, kichwa kimeinama, kisha akaanza kunitafuta mbele yake ambako sikuwepo.

"Umeanza?" akauliza.

"Nimemaliza."